Kliniki ya Wote Haiuzwi

Maman Mauwa alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, mwenye sauti ya kwaya isiyojua kunong'ona. Aliishi Evere na wanawe wawili, na kila alfajiri alipanda basi kwenda kuosha na kulisha wagonjwa katika kliniki ndogo ya komini, yaani halmashauri ya mtaa, upande wa pili wa Brussels. Kliniki hiyo ilikuwa mali ya umma. Mwenye bima na asiye na bima, mwenye kibali na asiye nacho, wote walipokelewa.

Mwaka 1995 wakubwa wa komini wakatangaza kuwa wataikabidhi kwa kampuni binafsi. Kampuni iliahidi vitanda vipya na mashine za kisasa. Jambo ambalo haikulisema, wafanyakazi walilielewa upesi: wagonjwa wasioleta faida wangeelekezwa kwingine, na hakuna aliyejua huko kwingine ni wapi.

Mauwa aliposikia alishikwa na hasira ya zamani. Kaka yake, Guylain, alifia Bukavu kwenye baraza ya hospitali ya watu binafsi, homa ikimchemsha, huku ndugu wakihangaika kutafuta dhamana iliyotakiwa kabla hajaguswa. Daktari alikuwepo. Mauwa alimwona dirishani, anakunywa chai.

Jumapili moja baada ya ibada, alisimama katika duka la vitenge la shemeji yake Rolande, pale barabara ya Chaussée de Wavre, akawaomba wanakwaya wenzake waende naye kwenye kikao cha baraza la komini. Tonton Banza, mtu wa Lubumbashi aliyeuza bima za kampuni binafsi, akacheka.

"Maman, vitu ya serikali inaoza. Siye ba Zaïre hatuyaona? Acha kampuni ifanye kazi."

"Ifanye, tonton, miye sikatale. Ifungule nyumba yake pembeni, mwenye kupenda aende. Lakini ile ya bantu bote ibakie. Ukiondoa ile, maskini atachagula nini?"

"Na contrat yako ya kazi? Si inaisha mwezi wa sita?"

"Bon, iishe."

"Alors, batoto batakula nini?"

Mkuu wa kazi wa Mauwa alikuwa amekwisha kumvuta pembeni katika ukumbi wa kliniki na kumwonya hivyo hivyo. Rolande, aliyekuwa akimpimia mteja kitambaa, akaweka mkasi chini.

"Batoto batakula kwangu," akasema. "Donc, muache kumutisha."

Siku ya kikao, lifti ya jengo la komini ilikuwa mbovu. Wanakwaya wa sauti nzito, wakiongozwa na kijana mnene aitwaye Modeste, walimbeba hadi juu bibi Thérèse, Mbelgiji mzee aliyekatwa mguu kwa kisukari na kutibiwa katika kliniki ile miaka mingi. Walimbeba na kiti chake cha magurudumu, jasho likiwatoka. Watazamaji walitakiwa kusikiliza tu. Lakini diwani mmoja aliposema kuwa wagonjwa wenyewe hawajalalamika, Mauwa alisimama.

"Hawa hapa," akasema kwa Kifaransa. "Waulize."

Mwenyekiti akagonga meza. "Mama, kaa chini. Watazamaji hawaruhusiwi kusema."

"Kliniki ya wote haiuzwi bila wote kusikilizwa."

"Wewe hata si raia wa nchi hii!" diwani akamkemea.

"Kweli. Na ugonjwa haujawahi kuniuliza uraia."

Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga miguu sakafuni. Mwenyekiti akaamuru watazamaji wote watolewe nje. Polisi wawili wakapanda, wakafika kwa bibi Thérèse, wakatazama kile kiti, kisha zile ngazi ndefu.

"Waliokupandisha wakushushe," mmoja wao akasema.

"Tumechoka," Modeste akajibu, akakaa chini sakafuni. Kwaya nzima ikakaa naye.

Bibi Thérèse akafungua mkoba, akatoa sindano zake za kufuma, akaanza kufuma. Polisi hawakutaka kumgusa. Madiwani walingoja, wakanong'onezana, wakatazama saa. Mwisho mwenyekiti akaahirisha kikao, na kura haikupigwa.

Magazeti yaliandika. Kikao kilichofuata, wagonjwa na jirani zao walijaa barabarani mpaka tramu ikasimama, na madiwani wawili wakabadili upande. Kliniki ikabaki ya umma. Kampuni ilijenga ya kwake mtaa mwingine, na waliotaka walikwenda huko bila mtu kuwazuia.

Mwezi wa sita mkuu wa kazi alimwita Mauwa ofisini. Alimwambia kuwa mkataba wake ungeweza kuendelea, kama angemwomba radhi mwenyekiti.

"Kwa kosa gani?"

"Kwa fujo."

"Fujo ni kuuza kitu cha watu bila kuwauliza," akasema Mauwa, akavua koti lake jeupe, akalikunja vizuri na kuliacha juu ya kiti.

Kwenye basi la kurudi Evere alilia, tena kwa sauti, maana hata kulia hakujua kulia kimya. Majira yote ya joto wanawe walikula kwa Rolande. Vuli ilipoingia alipata kazi katika nyumba ya wazee ya komini nyingine. Kabla mwezi wa kwanza haujaisha alikuwa ameshajiunga na sendika, chama cha wafanyakazi, na walipotafuta mtu wa kuwasemea wenzake mbele ya wakubwa, hakungoja kutajwa. Alinyoosha mkono mwenyewe.