Wifi Yangu na Miche Yake ya Chupa

Wifi yangu Ottilia simpendi, na kijiji kizima cha Mkumbi kinajua, kwa hiyo bora niseme mwenyewe mwanzoni. Ni dada wa mume wangu Tadei, kitinda mimba wa Mama Notburga. Tangu niolewe huku milimani nikitokea Mbamba Bay, ziwani, ananiita "binti wa usipa", kama vile yeye hali usipa, kama vile dagaa wale hupanda mlimani wenyewe mpaka kwenye sufuria yake.

Kichwa anacho, hilo silibishi. Alisoma kwa masista, akafundisha baiolojia sekondari, kisha akaenda chuo kikuu Morogoro kuchukua shahada ya uzamili ya bioteknolojia. Neno hilo lilimtesa sana mama mkwe wangu kulitamka, na alipoliweza hakuliachia tena. Kisimani bioteknolojia, kanisani bioteknolojia. Mimi niliyekuwa namchotea maji hakukumbuka kunitaja.

Miaka ile kahawa ilikuwa imetuchosha. Ushirika ulikuwa umekufa, soko limefunguliwa, na kila mnunuzi alipanda huku na gari lake, mizani yake na bei yake. Watu waliacha kuhudumia mibuni, ugonjwa wa chulebuni ukaozesha matunda mtini, wengine wakang'oa mashamba kwa hasira. Masomo ya Ottilia yalihusu hayo. Alichukua vipande vya majani ya mbuni usioshikwa na chulebuni, akaviweka kwenye chupa zenye chakula kilichoganda kama uji uliolala, akavilea mpaka vikawa miche, yote sawasawa na mti ule ilikotoka. Mwaka wa kwanza umeme ulikatika chuoni na chupa zake zikaota ukungu, akaanza upya. Alikuja likizo amekonda, macho mekundu, hataki kusemeshwa. Nilimwekea maji ya kuoga, akasema yamepoa.

Mwaka wa pili miche ilipatikana, na hapo ndipo yaliponifika. Alihitaji shamba la mlimani la kuijaribia. Akachagua langu.

Nasema langu. Ardhi ni ya ukoo wa mume, nafahamu, lakini mteremko ule ndipo nilipochimba ngolo ya kwanza maishani mwangu. Kwetu ziwani hatuna kazi hiyo. Huku wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, halafu wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo, mpaka mlima wote uwe mashimo na matuta, na mvua ikinyesha maji yatulie badala ya kuondoka na shamba. Mama mkwe alinifundisha kwa kunicheka. Mikono ilitoka malengelenge, nikalia, nikachimba. Maharage ya mteremko ule ndiyo yaliyotulisha, mimi na Tadei na wanetu. Yasipokuwepo, ni ugali na chumvi.

Shauri likapelekwa kwenye sengu. Sengu ni hapo kwa mkubwa wa ukoo, wanapokula pamoja na kuamua mambo mazito, na sisi wanawake huitwa linapotuhusu. Mkubwa wetu ni Mzee Hyasinti, baba mkubwa wa Tadei.

"Wifi, ni msimu mmoja tu," Ottilia akasema.

"Na watoto wa kaka yako wale nini huo msimu mmoja?"

"Mke wa Tadei, usimwekee mwanangu kauzibe," mama mkwe akaingilia.

Nikamtazama Tadei. Tadei akatazama ugali. Mzee Hyasinti akanawa mikono, akasema elimu ya Ottilia ni ya ukoo wote, basi apewe msimu mmoja, na ukiisha mke wa Tadei arudishiwe shamba lake.

"Sawa, baba," nikasema. Nikaenda kuomba kipande bondeni kwa jirani, kwenye maji yaliyotuama, ambako maharage yaliota manjano.

Ottilia alipanda miche yake mvua za Desemba zilipoanza. Sehemu ya juu aliipanda kwenye ngolo zangu, ipaliliwe na kutunzwa. Sehemu ya chini aliisawazisha, akafukia mashimo yangu yote, na alipomaliza akatukusanya uani.

"Hii ya chini asiiguse mtu. Msipalilie, msichimbe, msimwagilie. Magugu yakiota yaacheni. Lazima iteseke, ndipo nijue ile ya juu imefaidika na nini. Msimamizi wangu atakuja kuhakikisha kwa macho yake. Ikiguswa, sina tasnifu, sina shahada."

Mama mkwe alishika kifua. "Iteseke? Mimba ya chupa hiyo, mwanangu, umeihangaikia miaka miwili, halafu iteseke?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo utafiti ulivyo."

Akaondoka zake kurudi chuoni. Mimi nilielewa vizuri sana, maana sikuhitaji kuipenda ile miche.

Sasa milima yetu inatazamana. Ukiwa mlangoni kwako unaona shamba la mwenzako ng'ambo ya bonde kama limetandikwa ukutani. Machi ilipofika, mwezi wa ngolo, milima yote ilichimbwa ikapendeza, isipokuwa kipande kile kilichojaa magugu katikati. Watu hawakusema ni shamba la utafiti. Walisema ni la mke wa Tadei, yule wa ziwani, mvivu. Winifrida, mwenyekiti wa wanawake wa jumuiya, alinisimamisha nje ya kanisa mbele za watu akaniuliza kama naumwa. Nilichukia mpaka masikio yakawaka, lakini jembe sikulishika.

Aliyeshindwa kuvumilia ni mama mkwe. Aliamini kabisa kwamba msimamizi wa Ottilia ni mtu wa mkoa mwingine asiyewatakia mema Wamatengo, na kwamba amemwamuru mtoto aue miche yake ili afeli. Akapika pombe, akaita ngokela, yaani watu waje kulima na kunywa. Wakaja wanawake wote wa jumuiya na wanaume wa kufyeka, na Tadei wangu mbele yao na mundu mkononi.

Nilisimama katikati ya lile gugu.

"Mama, Ottilia alisema isiguswe."

"Toka hapo. Wivu utakuua."

"Mkichimba mnamharibia. Na akiharibikiwa ataomba msimu mwingine, na shamba langu ndiyo basi tena."

Hiyo ndiyo sababu, na niliisema waziwazi, sikujifanya mtakatifu. Walicheka. Winifrida akasema nimekiri mwenyewe kwamba ninawaza tumbo. Wakanizunguka kama jiwe, wakafyeka, wakalaza nyasi kati ya miche, wakachimba wakiimba. Kufikia jioni sehemu ya chini ilikuwa na ngolo nzuri kuliko zangu. Nilikataa kuwapakulia chakula. Tadei alirudi amelewa nusu, akaniambia, "Mama ni mama, mke wangu." Nikamwambia basi akalale kwake.

Ottilia alikuja Juni, na msimamizi wake, Daktari Benjamin, kwenye gari la chuo. Sikumpenda huyo naye, alikuwa anapangusa viatu kila baada ya hatua mbili, lakini alikuwa mtu wa haki. Alitazama juu, akatazama chini. Miche yote ilikuwa ya kijani kibichi, imenawiri, hujui ipi ilitunzwa na ipi ilitelekezwa. Akamwambia Ottilia kwa upole kwamba hapa hakuna cha kulinganisha na msimu urudiwe. Ottilia alikaa chini kwenye udongo na gauni lake safi. Alipoinuka alinijia moja kwa moja.

"Umeniua, Walburga."

Hata wifi hakuniita. "Ulikuwa unalitaka shamba lako. Umeona njia ni kunikomoa."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, kitenge mdomoni. Nilingoja aseme. Alitazama paa la nyumba kana kwamba linavuja.

Jioni ile tukaitwa kwenye sengu. Ottilia alieleza akilia, akaomba msimu wa pili hapohapo kwenye mteremko wangu, kwa kuwa aliyeharibu ndiye alipe. Mzee Hyasinti, aliyekuwa Songea kwa matibabu wiki ile ya ngokela, akauliza, "Nani alichimba?"

Mwanaukoo yeyote mle ndani angeweza kujibu, na hakuna aliyejibu. Tadei alikunja vidole. Nami mkwe, hata kama nina mdomo, siwezi kusimama mbele ya wazee nikamshitaki mama mkwe wangu. Hayo hayafanyiki huku, na kwetu ziwani pia hayafanyiki. Wote walilijua hilo na wote wakajificha humo. Niliwachukia, mmoja mmoja, kwa majina yao ya ubatizo.

Nikasimama.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mkwe."

"Kosa ni langu. Niandikieni mimi." Nikasikia mama mkwe anashusha pumzi. "Ila kama mimi ndiye mharibifu, miche ya wifi isirudi tena kwangu, maana nitaiharibu tena. Naomba ipandwe kwa mtu anayempenda. Mama ana mteremko wake ule mzuri juu ya barabara. Ipandwe kwa mama. Pale haitaguswa."

Mzee Hyasinti akageuka. "Notburga, unasemaje?"

Angesema nini? Akikataa, ataulizwa kwa nini, na akiulizwa kwa nini, yatatoka. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nadhani aliniona.

"Ipandwe," akasema.

Ottilia si mjinga. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, na usiulize alichokiona. Kesho yake alinifuata jikoni nikichambua maharage ya jirani.

"Kwa nini hukunitajia ni nani?"

"Ungeniamini?"

Alifikiri. "Nisingekuamini."

"Basi."

Hakuomba radhi, na sikumngoja aombe. Shahada yake alikuja kuipata, tukala mbuzi, akawashukuru watu wengi na mimi sikuwemo.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Machi nyingine. Milima yote ikachimbwa, na nusu ya mteremko wa mama mkwe, juu ya barabara ya Mbinga, ikabaki na gugu lake hadi kiunoni na miche inakonda ndani yake. Kila apandaye na apitaye aliuliza kama Mama Notburga ni mgonjwa. Alishinda mlangoni mikono mapajani, anatazama miche ya mwanawe inavyonyauka, na safari hii Ottilia alikuwa amemwapisha kwa rozari.

Siku moja alikuja kwenye mteremko wangu nikichimba. Alisimama pembeni.

"Mke wa Tadei, nipe jembe. Nisipochimba mwaka huu nitaugua."

Nikampa jembe, nikampeleka upande wenye mawe.