Siku Niliyokikana Kitanda Changu Ubalozini

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile nilijibu kama mwanaume, lakini ukumbi ulikuwa umejaa watu na mmoja wao anaweza kusoma hapa, kwa hivyo wacha niseme ukweli tu: nilisimama mbele ya dirisha la kioo kule ubalozini Nairobi, mke wangu wa ndoa kando yangu, tumbo lake tayari linagusa kaunta, nikamwambia afisa wa Marekani kwamba mimi na huyu mama hatujawahi kulala chumba kimoja.

Naitwa Ombati, nauza viatu vya mitumba soko la Mosocho, na shule niliachia kidato cha pili. Kwamboka ni wa Sironga, lakini amekuwa nesi Marekani miaka mingi mpaka akapata uraia wa huko. Tulijuana alipokuja likizo akatafuta gambuti za kwenda nazo matanga, maana mvua ilikuwa imeharibu njia, na mimi badala ya kumtajia bei nikamuuliza kama theluji ikianguka inatoa sauti. Akacheka, akanunua, kesho yake akarudi na hakuwa na haja ya kiatu chochote. Ng'ombe walipelekwa, kanisani tukaenda, makaratasi ya mimi kumfuata yakaanza, kila likizo akawa anakuja kwangu, na tarehe ya mahojiano ilipotoka akapanda ndege akaja ili tuingie pale pamoja, wasije wakasema ni ndoa ya kununua viza. Watu walikuwa wametuonya kwamba ukijibu vibaya mbele ya lile dirisha unaweza kukaa miaka mtoto wako akikuona kwa simu. Mtoto anayeletewa baba kwa simu! Hilo ndilo lilikuwa linanikosesha usingizi.

Sasa, uamuzi wangu mdogo. Mama mkwe (jina lake silitaji hata hapa, mtanisamehe) naye alikuwa anaomba viza ya kutembea, aende amsaidie Kwamboka akijifungua, na tarehe yake ilikuwa siku chache baada ya yetu. Mimi, mtu wa roho safi, nikasema tumwombee ibadilishwe iwe siku yetu, twende gari moja, mama asihangaike peke yake Nairobi. Kwamboka akaniangalia vile anavyoangalia mgonjwa aliyekataa dawa, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia kwani kutatokea nini.

Kwa asiyetujua: kwetu, kati ya mwanaume na mama wa mke wake kuna ensoni, yaani haya ya heshima. Hampeani mkono, hamli meza moja, haingii nyumbani kwako, na mambo ya kitanda hayatajwi mahali anaposikia. Familia nyingine siku hizi wanapuuza, lakini mama mkwe wangu ni wa zile za zamani. Hata safarini mimi nilikaa mbele na dereva, yeye nyuma kabisa, na nikitaka kujua kama atakunywa chai namuuliza Kwamboka, na mama yuko hapo hapo anasikia.

Nilidhani mahojiano ni ofisi yenye mlango, unaingia, unafunga, mnaongea. Kumbe ni ukumbi, viti vimepangwa kama kanisani, mbele kuna madirisha ya vioo, na sauti inatoka kwa spika. Kila mtu anamsikia kila mtu. Na mimi (nicheke au nilie?) nilifurahia sana, maana napenda kujua mambo ya watu, nikasikia mzee mmoja akieleza vile kijana wake wa huko alivyoacha kupiga simu, nikamhurumia mpaka nikataka kwenda kumshika bega. Haikunijia akilini kwamba nikiitwa, hawa wote watanisikia mimi.

Tukaitwa. Afisa alikuwa kijana mwenye madoadoa usoni na Kiswahili safi kuliko changu, nikatamani kumuuliza alifundishwa na nani. Akaanza na picha za harusi. Akauliza mama wa mke wako ni yupi, nikamwonyesha: yule wa pembeni kabisa, anayetazama miti. Akauliza kwa nini anatazama miti. Nikasema ndivyo inavyotakiwa. Amewahi kuja kwenu? Hapana. Mmewahi kula pamoja? Hapana. Mnaongea kwa simu? Nikacheka kidogo kwa hilo swali, nikasema hapana. Nikaona anaandika kwa kompyuta, na anaandika mengi kuliko niliyosema.

Halafu akauliza mimi hulala upande gani wa kitanda.

Ndugu zangu, mama mkwe alikuwa safu ya pili. Nilihisi macho yake mgongoni, ingawa najua hakuwa ananiangalia, haniangaliagi. Spika ilikuwa wazi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hatulali," nikasema.

"Hamlali?"

"Tunakaa tu. Kila mtu chumba chake. Hatujawahi."

Akaangalia tumbo la Kwamboka, akarudi kwangu. "Na hili?"

"Hiyo ni baraka," nikasema.

Nyuma yangu mtu akakohoa, na haikuwa kikohozi. Kwamboka alikuwa amenikanyaga mguu tangu neno la kwanza, lakini nilikuwa nimevaa kiatu kizuri cha ngozi ngumu, sikusikia vizuri. Afisa akamgeukia yeye, naye akajibu polepole kwamba analala upande wa ukutani na mimi wa mlangoni. Majibu mawili, ndoa moja. Yule kijana akavua miwani, akaanza kukusanya karatasi zetu, na uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa kusikitika, ambayo ni mbaya zaidi.

Kwamboka akasogea karibu na kioo. Akasema, "Afisa, mama yangu yuko hapo nyuma. Huyu hawezi kusema hayo mama akisikia. Afadhali akose Marekani."

Afisa akainua kichwa, akamtafuta, akamwita mama kwa spika aje dirishani. Mama mkwe akasimama, leso kichwani, akaanza kuja, na mimi (miguu haikuniomba ruhusa) nikaondoka pale nikaenda kujificha nyuma ya nguzo. Ukumbi wote sasa umegeuka kunitazama. Askari wa mlangoni amenikaribia hajui anishike au aniache.

"Mama," afisa akauliza, "huyo mtu aliye nyuma ya nguzo ni mume wa binti yako?"

Mama mkwe akamwangalia kwa mshangao wa kweli, kama ameulizwa kama mvua ni maji.

"Sasa kama hii mtu si mkwe yangu, angenikimbia ya nini?" akasema. "Si tungekuwa tumekaa hapo pamoja namuuliza bei ya viatu?"

Afisa akaniangalia pale kwenye nguzo, akamwangalia mama ambaye alikuwa anatazama dari, akaangalia ile picha ya miti. Nikamwona akitabasamu kwa mara ya kwanza. Akamwomba mama arudi kwa kiti, na mama mwenyewe, kiongozi wa akina mama kanisani, akakaa akaziba masikio kwa vidole mbele ya watu wote. Nikarudi dirishani. Nikasema nalala upande wa mlangoni na Kwamboka wa ukutani, na kwamba blanketi yote huwa yake. Ukumbi ulicheka mpaka yule mzee wa kijana asiyepiga simu naye akacheka, na hapo nikaona angalau kuna aliyefaidika na aibu yangu.

Pasipoti yangu ilibaki ubalozini, na hiyo ndiyo dalili nzuri. Mama naye alipoitwa kwa zamu yake, ya kwake pia ilibaki. Tukarudi nyumbani kimya, mimi mbele, yeye nyuma, mpaka tulipopita Narok ndipo akamwambia Kwamboka, kwa sauti ya kawaida kabisa, amwambie huyo mtu anunue blanketi ya pili.

Nimeapa: mambo ya serikali na mama mkwe siyaweki siku moja tena, hata kama ni kuchukua cheti cha kuzaliwa. Lakini kuna kitu kinanisumbua. Jana nimemuuliza Kwamboka nyumba yake ya huko ikoje, akaniambia ni vyumba viwili na sebule, ghorofa ya tatu, na mama atakaa nasi mpaka mtoto atambae. Nimekaa hapa Mosocho katikati ya viatu vyangu, nafikiria theluji, nafikiria mtoto, halafu najiuliza: huko Marekani, nikikutana na mama mkwe kwenye ngazi, nguzo ziko?