Sauti Moja ya Lemuel Gatewood

Mume wa Arzella Gatewood alikuwa mpiga saksafoni, na Arzella hakuwahi kumsikia akipiga hata siku moja. Wameishi pamoja miaka thelathini na saba, nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa Kansas City upande wa Missouri, na katika miaka yote hiyo kitu pekee alichomsikia akipuliza ni kahawa ya moto. Nasema hivyo kwa utani kwa sababu nisipotania nitalia, na mimi nikilia pua huvimba siku mbili.

Lemuel aliingia katika bendi ya Ansel Womack mwezi wa Septemba 1942, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Hapa mtaani huhitaji kueleza Womack alikuwa nani. Hata waliozaliwa baada ya vita wanajua kwamba mama zao walichana soli za viatu wakimchezea, watu kumi na wanne jukwaani na yeye kwenye piano, tumbo mbele, akiita wapigaji kwa majina kama mwalimu anayeita wanafunzi ubaoni. Ukiitwa, unasimama, unapiga peke yako. Usipoitwa, unakaa na kuitikia wenzako.

Bahati ya Lemuel ilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza. Mwezi mmoja kabla hajaingia, chama cha wanamuziki kilikuwa kimegoma: hakuna mwanachama kurekodi santuri mpaka makampuni yawape wapigaji haki yao. Mgomo ulikuwa wa haki, siubishi. Lakini ulidumu miaka miwili na ushee, na Lemuel alipiga na Womack miezi kumi na tisa tu, yote ndani ya mgomo, kisha jeshi likamwita. Aliporudi, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimebaki Ufaransa. Wala si kwa risasi. Jeki iliteleza akibadilisha gurudumu la lori.

Utasema, basi hata karatasi za muziki? Hakuna. Bendi za kwetu hazikuwa na mambo ya karatasi. Mmoja alianzisha kipande kifupi, mwenzake akakidaka, wa tatu akakigeuza, na kabla ya dansi kwisha wimbo umepatikana na kila mtu kautia kichwani. Watu wa New York walitucheka, halafu wakaja kujifunza.

Ndipo akamwoa Arzella, Juni 1946. Na Arzella si mtu wa kudanganywa kwa muziki. Ameongoza kwaya ya kanisa letu miaka ishirini, na ukikosea nusu sauti tu anakutazama mpaka unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Mwenye sikio kama lile, amelala miaka yote kando ya mpigaji ambaye hajawahi kumsikia. Waliomsikia walikuwepo mwanzoni, wakimsimulia, "Shemeji, yule mumeo alikuwa moto!" Baadaye mmoja mmoja wakafa. Mimi nilihamia hapa kutoka Arkansas mwaka 1951, kwa hiyo na mimi sina ushahidi.

Lemuel alikuwa na tumaini moja. Februari 1944 bendi ilipiga dansi iliyotangazwa moja kwa moja redioni, na redio haikuwa imekatazwa na chama. Kulikuwa na fundi mmoja pale redioni aliyekuwa akinasa vipindi kwenye santuri kwa ajili ya kujifurahisha mwenyewe.

"Ipo," Lemuel alizoea kumwambia mkewe. "Usiku ule nilisimama kwenye 'Treni ya Sedalia', nikapiga mizunguko miwili mizima ya wimbo peke yangu. Mahali fulani ipo. Utanisikia."

Aliitafuta. Alikwenda hata Chicago kwa basi kumwona mjane wa yule fundi, akarudi mikono mitupu. Baada ya hapo akaendelea kufagia madarasa ya shule ya watoto, ndiyo kazi yake mpaka leo, na gramafoni hakuitaka nyumbani kwake. Alisema mlevi aliyeacha pombe haweki chupa kabatini.

Na kulikuwa na Hosea Crump, kinyozi, jitu la midomo. Kwake ndiko wanaume wa mtaa huu wanakopikia uongo wao, na Lemuel alipokwenda kunyoa Hosea hakukosa lake.

"Lem, wewe kwa Womack ulikuwa mbeba masanduku. Na hata hayo uliyadondosha, ndiyo maana wakakupeleka vitani!"

Watu wanacheka, Lemuel naye anacheka, analipa, anaondoka. Arzella akilalamika anamjibu, "Mwache. Subira huvuta heri." Ni kweli, huvuta. Ila hakuna aliyewahi kusema inaivuta kutoka umbali gani.

Oktoba iliyopita Arzella aliingia kwangu kwa mlango wa jikoni, kitu kimetuna ndani ya koti.

"Verdell, funga mlango."

"Umeiba nini?"

"Nyamaza wewe. Tazama."

Lilikuwa kasha jeusi, zito, picha ya Womack juu yake na tumbo lake lile. *Ansel Womack: Kazi Zote, 1931 hadi 1974.* Santuri kumi na kijitabu. Ameliagiza kwa posta kutoka kampuni moja ya mashariki, akamficha mumewe wiki sita nzima. Akanionyesha kwa kidole upande wa kumi na moja, mstari wa mwisho: kipindi cha redio, Februari 1944, "Treni ya Sedalia".

Nikamshika mkono. "Arzella. Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Wameipata kwa wajukuu wa yule fundi, imeandikwa humu."

"Umeshasikiliza?"

"Nisikilize bila yeye? Nimengoja miaka thelathini na saba, nitashindwa kufika Jumapili? Tutakuja hapa kwako baada ya ibada. Mimi, yeye na wewe. Basi."

Mimi, yeye na wewe, basi. Nilisikia vizuri. Lakini Ijumaa nilipita mbele ya kibanda cha Hosea, nikamwona kaegemea mlango na meno yake ya dhahabu, mdomo ukaniwasha. Nikamwambia ajiandae kumeza maneno yake Jumapili saa nane, nyumbani kwangu. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Jumapili sebule yangu ilikuwa na watu kumi na mmoja, wanawake na kofia zao za kanisani, wanaume wamesimama ukutani. Nilikuwa nimekaanga kuku, nimepika mboga za majani na pai mbili za viazi vitamu. Arzella alipoona umati alinitazama kwa lile jicho la kwaya. Sikuwa na pa kujificha kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Lemuel alikuja nyuma yake, suti ya kahawia, viatu vinang'aa.

"Kafa nani?" akauliza.

"Hajafa mtu," mkewe akamwambia. "Keti. Shika hiki."

Akamwekea kasha mapajani. Lemuel aliliangalia muda mrefu. Akafungua kijitabu kwa ule mkono wake wa vidole vitatu, akafuata mistari, akafika pale. Hosea, ambaye hajawahi kuona ukimya asiuharibu, akainama juu ya bega lake na kusoma kwa sauti majina ya wapigaji wa kipindi kile. Tarumbeta fulani, tromboni fulani, na kadhalika, kisha akasimama wima na uso wa furaha.

"Saksafoni ya alto: hajulikani! Jamani! Samahani, Bwana Hajulikani, miaka yote hii tunakuita jina la watu!"

Sebule nzima ikacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kabla sijajizuia.

"Hosea," Arzella akasema, "kijitabu hakipigi muziki. Verdell, weka santuri."

Nikaiweka. Kwanza mikwaruzo, kama mafuta yanayokaanga. Halafu bendi ikaingia. Jamani. Ilikuwa inasikika kutoka mbali, kama dansi ya nyumba ya jirani, lakini watu walianza kutikisa vichwa bila kujua. Tarumbeta zinauliza, tromboni zinajibu, ngoma inasukuma, na Womack kwenye piano anachomeka sauti mbili tatu tu pale zinapotakiwa. Arzella alikuwa amefumba macho. Lemuel alikuwa hatazami mtu. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu, na nikaona midomo yake anaikaza, anailegeza, anaikaza, kama mtu anayejiandaa.

Tarumbeta zikamaliza. Ndipo sauti nzito ya mwanamume ikapaa juu ya bendi, wazi kabisa:

"Gatewood! Lem Gatewood! Simama, mwanangu!"

Na watu wa ukumbini, mamia, wakapiga kelele kabla hata hajapuliza. Walikuwa wanamjua! Sebuleni kwangu nako watu waliruka. Mzee mmoja akaukumbatia ukuta. Hosea akavua kofia na kuishika kifuani. Arzella alifumbua macho akamgeukia mumewe, na uso wake ulikuwa wa msichana wa miaka ishirini na mbili, naapa.

Saksafoni ikaingia. Sauti moja, ndefu, ya chini kidogo, imeinuliwa taratibu kama mama anavyomwinua mtoto aliyelala.

"Na kwa masikitiko, wapendwa wasikilizaji, muda wetu umekwisha," akasema mtangazaji, mle mle juu ya ile sauti. "Mlikuwa naye Ansel Womack na bendi yake. Kipindi hiki mmeletewa na wasagaji wa unga wenu wa ngano mweupe. Usiku mwema."

Halafu mikwaruzo. Halafu sindano ikafika mwisho wa santuri, ikawa inazunguka tik, tik, tik, na hakuna aliyeinuka kuitoa. Hata mimi mwenye gramafoni.

Hosea ndiye aliyeanza. "Kaka Gatewood," akasema, na sauti ilikuwa imempungua, "nisamehe. Nimekuamini."

"Sikuja hapa kwa ajili yako," Lemuel akamjibu. Hakuwa na hasira. Ilikuwa kweli tu.

Arzella alimsogelea, akapiga magoti mbele ya kiti chake na gauni lake zuri la kanisani.

"Ile ilikuwa wewe?"

"Ni mimi."

"Ile moja?"

"Ile moja."

"Nzuri," akasema. "Lem, ni nzuri sana. Haya, nimalizie. Nipigie kwa mdomo. Mimi nina sikio, nitaelewa."

Lemuel aliweka mikono mbele ya tai yake, vidole vyake vinane vikakaa mahali pake penyewe hewani. Akavuta pumzi. Akaitoa ile sauti kooni, sawasawa na ya kwenye santuri, hata Arzella akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanyamaza. Akavuta pumzi tena, akaanza tena, sauti ile ile, akaishia pale pale.

"Taratibu," mkewe akasema. "Hatuna haraka."

"Sikumbuki."

"Jaribu tena, mpenzi."

"Arzella, kila siku nilipiga tofauti. Halafu nikasimulia kwamba nilipiga, nikasimulia, nikasimulia." Akashusha mikono juu ya kasha. "Hata mimi nilikuwa nangoja kusikia."

Watu waliondoka mmoja mmoja. Pai zangu hazikuguswa. Mimi nilitaka kumwomba Arzella radhi kwa kuwaita wale watu, kwamba aibu ile ingekuwa ya watatu tu, lakini ningeanzia wapi? Nilifunga kuku kwenye karatasi nikampa, akapokea.

Kasha limebaki kwangu, kwa kuwa Lemuel hataki lilale kwake. Yeye mwenyewe hajakanyaga tena hapa. Kwa Hosea ananyolewa bure siku hizi, na Hosea ananiambia kuwa Lemuel akiingia kibanda huwa kimya kama msibani, bora zamani walipokuwa wanamcheka. Arzella ndiye anayekuja. Kila siku saa kumi, Lemuel akiwa bado anafagia shule, anaingia kwa mlango wa jikoni, anavua koti, anaketi. Hataki wimbo mzima. Anataka pale Womack anapoita, kelele za watu, na ile sauti moja. Nainua sindano kabla mtangazaji hajafika, nairudisha. Mara kumi. Siku nyingine mara ishirini.

Gramafoni yangu ni ya zamani na mkono wake mzito. Kufikia Krismasi nilisikia kitu. Pale kwenye ile sauti, mikwaruzo ilikuwa imeongezeka, na sauti yenyewe imekonda. Sindano inaila. Niliandika kwa ile kampuni ya mashariki kuomba kasha jingine, wakanijibu kwa barua ya mistari miwili kwamba yalichapwa machache, yamekwisha, na hawana mpango wa kuchapa tena. Nikafikiri kumwambia Arzella asikilize mara moja tu kwa siku. Kisha anaingia, anaketi, anakunja mikono mapajani kama mtu aliyefika mbele ya daktari, na mimi naweka santuri.

Jana baada ya mara ya saba aliinamisha kichwa upande mmoja, vile anavyofanya akimsikia mtu wa kwaya akikosea.

"Verdell," akaniuliza, "leo Lem anasikika mbali kidogo. Au ni masikio yangu?"

"Ni masikio yako, mpenzi," nikamwambia, nikairudisha sindano.