Dada Yako au Mfano Wako

Alipochaguliwa kusoma sosholojia chuo kikuu, baba yake mdogo aliuliza kama huo ni ugonjwa au ni dawa yake. Sebule nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Tangu utotoni walimwita Msumari, kwa sababu akikuuliza jambo hatoki mpaka lizame, na siku ile aliwauliza wajomba na baba wadogo wote waliokaa kwenye makochi kwa nini katika nyumba ile wanawake ndio waliofanya kazi na wanaume ndio waliochoka.

"Mwacheni asome," dada yake mkubwa akasema kutoka jikoni. "Vyombo nitaosha mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Mama yao alifariki dada akiwa bado sekondari. Akaacha shule, akaenda kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu wenye uwezo upande wa pili wa mji. Huko alipika, akafua, akalea pacha wa mwenye nyumba tangu wakiwa wachanga, na jasho hilo ndilo lililomfikisha Msumari chuo kikuu. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo. Hakuwahi pia kueleza maisha yalivyokuwa ndani ya ile nyumba.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kuandika tasnifu. Wenzake walichagua mada za mitandao na ulevi wa vijana. Msumari akachagua wafanyakazi wa ndani. Alizungumza na wanawake wengi, nyuma ya mageti na kwenye foleni za zahanati, na siku ya mapumziko ya dada yake akamwomba naye azungumze. Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha hosteli, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Jina langu litatoka?"

"Halitatoka, dada. Wala la bosi wako."

"Bosi wangu ana masikio kama sungura."

"Hata angekuwa na ya tembo."

Dada akacheka, kisha akaanza kusema. Alisema kwamba mule ndani haitwi kwa jina. Anaitwa kwa kengele ndogo ya shaba inayokaa mezani. "Mwanzoni niliona kichekesho. Siku hizi hata kengele ya baiskeli ikilia barabarani, nasimama." Msumari akanyoosha mkono azime simu iliyokuwa inarekodi, dada akamzuia. "Acha. Ila ukiandika, andika vizuri."

Msimamizi wa tasnifu alikuwa mhadhiri mtanashati ambaye wanafunzi walimwita Profesa, ingawa uprofesa wenyewe alikuwa bado anaukimbiza. Alisoma sura ya kwanza, akavua miwani. "Binti, hii ni dhahabu. Ukimaliza, kiti chako kipo kwenye mradi wangu, msaidizi wa utafiti. Niletee na mahojiano yenyewe niyapitie."

Mwanafunzi gani humnyima msimamizi wake? Akapeleka. Dada alipopata habari ya kiti, alipiga vigelegele ndani ya simu mpaka Msumari akaiweka mbali na sikio. Akaanza kujiandaa kwelikweli: akajifunza programu ya takwimu, akaandika upya wasifu wake, akaazima koti la rafiki yake kuona kama litamkaa.

Asubuhi moja alikuwa kwenye kantini ya chuo, redio imefunguliwa kwa sauti ya juu kama kawaida. Mtangazaji akamkaribisha mgeni wa siku. Sauti ya mgeni aliitambua kabla jina lake halijatajwa.

"Katika utafiti wangu," Profesa alikuwa anasema, "kuna nyumba moja, msichana wa kazi anaitwa kwa kengele."

"Kengele? Kama ng'ombe?"

"Ya shaba kabisa! Na watoto wenyewe pacha, wameshajifunza kuipiga."

Kule studio wakaangua kicheko. Hata mpishi wa kantini akacheka, huku akigeuza mayai. Msumari akainuka na kutoka nje, kijiko cha chai bado kiko mkononi. Alimpigia dada yake simu. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena, haikupokelewa.

Mchana dada akafika mwenyewe kwenye geti la hosteli, begi moja begani, aproni bado kiunoni. Bosi wake aliisikia ile redio akiwa saluni, kichwa kiko ndani ya mashine ya kukaushia nywele, kazungukwa na marafiki ambao wote wameshanywa chai nyumbani kwake na wote wanaijua ile kengele. Alirudi nyumbani nywele mbichi. Akasema, "Nimekuweka kama ndugu, nawe umenipeleka redioni." Hakumruhusu hata kuwaaga watoto aliowalea.

"Dada, si mimi. Ni yule mhadhiri..."

"Mimi sikuongea na mhadhiri." Dada hakupandisha sauti, na hilo liliuma zaidi. "Niliongea na mdogo wangu. Jina kweli hukulitoa. Mengine yote umeyatoa. Hebu niambie, mimi ni dada yako au mfano wako?"

Msumari akanyoosha mkono apokee begi. Usoni alihisi moto kama aliyechapwa kofi.

Kesho yake aliingia ofisi ya Profesa bila kubisha hodi.

"Dada yangu amefukuzwa kazi kwa sababu yako."

"Sijamtaja mtu."

"Umetaja kengele! Umetaja pacha! Ulibakisha nini, namba ya nyumba?"

Profesa akamwonyesha kiti. Hakukaa. "Binti, mtafiti hatakiwi kuwa na hasira. Na kama mhojiwa alikuwa dada yako, wewe ndiye uliyekosea kumhoji ndugu. Nikilisema hilo, tasnifu yako itakwenda wapi? Tulia. Kiti chako bado kipo."

"Kikalie wewe," Msumari akasema. Akatoka.

Akaandika malalamiko kwa kamati ya maadili. Wenzake walimwonea huruma, lakini kwa mbali. "Mwenye nguvu mpishe," walimwambia. "Maliza kwanza, ugomvi utaukuta nje." Baba mdogo akaja na lake: alisema tangu mwanzo kwamba usomi ule ni wa kuchokoza watu. Msumari alimjibu maneno ambayo mama yake angekuwa hai asingeyaruhusu, na kwa muda mrefu hawakusalimiana.

Kamati ilikutana, ikaahirisha, ikakutana tena. Mwisho ikampa Profesa onyo la maandishi, ikamshauri awe mwangalifu zaidi na vyombo vya habari. Muhula uliofuata alipandishwa cheo, akawa profesa kweli. Msumari alipewa msimamizi mwingine, mama mpole aliyeogopa kivuli chake mwenyewe. Akaondoa kila neno la dada yake kwenye tasnifu, ingawa msimamizi mpya alimwambia anang'oa moyo wa kazi. "Si moyo wangu," akajibu. Alifaulu kwa alama za kawaida.

Kazi haikupatikana upesi. Kila alikokwenda waliuliza kwa nini mhadhiri aliyemsimamia mwanzo si mdhamini wake. Alipoeleza, walimtazama kama mtu aliyekuja na mbwa mkali. Ofisi moja tu haikuuliza: chama cha wafanyakazi wa ndani, chumba kimoja juu ya duka la matairi, harufu ya mpira mchana kutwa. Katibu wa chama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya baragumu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hasira hiyo utaiweza?"

"Siiwezi."

"Basi njoo nayo. Hapa ina kazi."

Akaanza kupokea mashauri. Anayefukuzwa bila notisi, anayelazwa stoo, aliyenyang'anywa simu. Msumari huwaandikia barua, huongozana nao kwa afisa kazi, na akiambiwa "punguza jazba, dada" huuliza swali lilelile upya, polepole zaidi.

Dada alipata kazi ya kupika kwenye bweni la shule nje ya mji. Huko wanafunzi humwita Mama Mkubwa, naye huwafokea anavyotaka. Mdogo wake hamnyimi chakula wala mazungumzo, ila yeye mwenyewe akianza kueleza habari za nyumba ile, hukatisha katikati na kuuliza hali ya hewa huko mjini.

Chama kilipoandaa mkutano wake mkubwa, Msumari alimfuata jikoni mwa shule akamwomba aje kuzungumza mbele ya wanawake wenzake, kwa mdomo wake mwenyewe, aseme anachotaka na aache anachotaka. Alikuwa amejiandaa kubembeleza.

"Hapana," dada akasema, akikoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kama kasia. "Yale maneno yalishakwenda mahali bila mimi. Sasa nimeyapata, yakae kwangu."

"Lakini dada, yangesaidia wengi. Yule bosi wako angejua..."

"Msumari. Nimesema hapana."

Msumari akaliacha swali lake hapo. Alikuwa na hasira mpaka macho yanawasha, wala hasira yenyewe haikuwa juu ya dada yake. Dada akamsogezea sahani, wakala wamesimama kando ya jiko, kisha Msumari akaenda mkutanoni peke yake.