Karatasi ya Marehemu

Mama aliacha wasia mmoja tu: siku ya hitma yake ya arubaini, aombewe dua pia kiongozi wetu wa kwanza, yule aliyeongoza mapinduzi kisha akaongoza nchi. "Mwandike pamoja na baba yako," aliniambia. Kwa Mama, yule bwana ndiye aliyefanya mtoto wa hamali akae darasani bila ada. Nami nikakaa, ingawa niliishia la saba. Picha yake ilikuwa ukumbini kwetu Mpendae miaka yote.

Tulikaa na shangazi yangu, dada wa Baba. Mumewe alichukuliwa nyumbani kwao Mji Mkongwe enzi za kiongozi huyo huyo, hakurudi. Nani aliwatuma waliomchukua, sijui, na sitaki kumbambikia mtu jambo nisiloliona. Lakini Shangazi hakuletewa maiti wala habari, kwa hiyo hakukaa eda ya kufiwa na mume. Akiulizwa husema, "Eda ya nini? Mtu yuko safarini."

Na pamoja na hayo, yeye na Mama hawakununiana. Asubuhi nikiwasikia, Shangazi akianza mbele ya ile picha:

"Wifi, bwana wako kajaa vumbi huyo, mpanguse."

"Mpanguse wewe, mie nnakwenda sokoni."

"Mie? Ntamwangusha kusudi!"

Wakicheka. Na Shangazi akimpangusa, nimemwona kwa macho yangu.

Ilipofika arubaini nikakaa na karatasi, maana mwenye msiba ndiye anayemwandikia shekhe majina ya marehemu wa kuombewa. Nikaandika la Mama, la Baba, la kiongozi. Kisha kalamu ikakwama. Huyu aombewe, halafu mume wa Shangazi aachwe? Nikaona si haki, nikamwandika chini yake. Shangazi sikumuuliza. Nilidhani nampa heshima. Au labda nilitaka tu kujiona mwadilifu, sijui.

Shekhe akasoma, wanaume tukaitikia amin. Kutoka chumba cha wanawake amin zikaja pia, mpaka jina la mwisho. Hapo upande ule ukanyamaza.

Watu walipokwisha kula na kuondoka, Shangazi akaniita.

"Naam, Shangazi."

Alikuwa amekaa mkekani, bangili zake ameshazivua.

"Nani kakwambia kafa?"

"Hakuna. Nilikisia. Nisamehe."

"Usinililie. Nshatimia themanini, kukisia hata mie najua. Ila sikutaka mtu aseme. Wewe umesema, na watu wameitikia." Akanisogezea bangili. "Niwekee. Eda miezi minne na siku kumi. Haya, mwanangu, alikufa siku gani? Nianze wapi kuhesabu?"

Siku aliyokufa kiongozi naijua, na kila mtu kisiwani anaijua. Ya mume wa Shangazi sikuwa nayo. Nikazipokea bangili.

"Anza leo, Shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akajifunika mtandio. Sijui kama nilikuwa na haki ya kumpangia siku.