Kopo la Vifungo

Benchi la nje ya wodi lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kila mara fundi cherehani alipojiinua kuutazama mlango, benchi lilimyumbisha wifi yake.

"Tulia, wifi. Utaniangusha, wagonjwa tuwe wawili."

Fundi alikaa. Nyuma ya mlango ule binti yake wa mwisho alikuwa akipumulia mashine tangu jioni, na hakuna aliyetoka kusema neno.

Kazi yake ni kushona sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa, wateja hujaa hadi barazani, na nyumba yake huugua kitajiri: kikohozi kidogo, kwa daktari, jino likiuma, kwa daktari, hata mumewe alipelekwa kupimwa macho yasiyo na shida. Sare zikiisha, cherehani hulala, nao hujitibu kwa maji ya moto na subira.

"Sisi tunaugua kwa msimu," mumewe hutania.

Ndiyo maana fundi hakuwahi kumaliza dawa. Homa ikishuka tu, vidonge vilivyobaki aliviweka kwenye kopo la vifungo, kama anavyotunza vipande vya kitambaa: siku moja vitaziba mahali. Safari hii kikohozi kilikuja cherehani imelala, akafungua kopo. Mtoto akapata nafuu, akaomba chai; fundi akarudisha vilivyobaki, akajiona hodari. Kisha kikohozi kikarudi na nguvu za kukomoa.

"Daktari kaniuliza nilimpa dawa gani."

"Ukamwambia zilitoka koponi?"

"Nikamwambia. Hakunigombeza, wifi. Afadhali angenigombeza."

Wifi alivuta kanga yake mabegani, akatazama sakafu. "Mimi kopo langu la dawa ni la maziwa ya unga," alisema. "Kubwa kuliko lako."

Fundi alicheka, machozi yakamtoka katikati ya kicheko. Walijibanza pamoja, wote wawili wakiwaza makopo yao. Kifua cha mtoto kilijuaje kwamba sare zimeisha?

Mlango ukafunguka. Fundi akasimama, benchi likamtupa wifi chini, naye hakulalamika.

"Mama mtoto? Sasa anapumua mwenyewe," muuguzi alisema. "Anakuita. Ila dawa za kwenda nazo nyumbani, mama, atameza zote. Hata akianza kurukaruka."

"Sitabakisha hata kidonge kimoja, sista," fundi alisema, na tayari alikuwa ndani.