Siku Gari la Baba Lilipoacha Kuvuma

Mwezi uliopita mjukuu wangu alitoka Tunduma kuja kunichukua hapa Igamba, anipeleke Vwawa kwa daktari wa macho. Hatujafika mbali nikasikia mvumo ukitoka nyuma ya gari, uuuuu, na kila tukikata kona unazidi. Nikamwambia, "Baba, beringi yako ya nyuma imekwisha. Ya kushoto." Akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Bibi, macho yenyewe huoni, beringi umeionaje?"

Haya. Tulipofika Vwawa akalipeleka gari kwa fundi, kijana mwenye ovaroli jipya. Fundi akapiga jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono, likakoroma. Akaniangalia. "Bibi, wewe umesomea wapi?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka, maana mvumo ule nilikuwa sijausikia kwa zaidi ya miaka sabini, na sikutegemea kuusikia tena kabla sijafa. Nikaenda nikakaa kwenye benchi lao nikakunja khanga miguuni. Wao sikuwaeleza. Nikuambie wewe uliyenijia nyumbani, kwa kuwa unaniuliza kwa utaratibu.

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita kubwa ya pili imekwisha juzijuzi tu. Mama yangu alifariki nikiwa bado naota meno, na baba akaniacha hapa kwa bibi, mama yake mama. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa barabarani. Alikuwa na gari kuukuu aliloachiwa na mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliyerudi kwao. Nyuma akalijengea bodi la mbao, akawa anapakia watu, ulezi na samaki wakavu kati ya Mbozi na Tunduma. Alikuja mara moja kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Alikunywa togwa, akanisikiliza nikimsomea herufi zangu, kisha huyo, kaondoka. Jioni tulibaki bibi na mimi, ugali wa ulezi, maharage, na ukungu ukipanda kutoka bondeni mpaka mlangoni. Nyumba za wenzangu zilijaa kelele za ndugu. Kwetu ulisikia kijiko kikigusa chungu.

Gari lile lilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza, breki. Zilikuwa breki za zamani za fito: unakanyaga, fito za chuma zinavuta kule magurudumuni. Fito zenyewe zilikwisha kulegea, gari likawa linasimama likipenda. Na nyumba ya bibi ipo mteremkoni! Kwa hiyo baba alinichongea kabari ya mti wa mkaratusi, na kazi ya kabari ilikuwa yangu. Gari likiteremka kwa gia ndogo, mimi nakimbia pembeni, baba anapiga kelele, "Mama, tupa!" Naitupa mbele ya gurudumu la nyuma, gari linapanda kidogo, linarudi, linatulia. Baba aliniita mama, kama wababa wengi wanavyowaita binti zao. Alikuwa akishuka ananipa mkono kama mtu mzima na kuniambia bila mimi angeishia mtoni.

Ugonjwa wa pili ni huo mvumo. Beringi za nyuma zilikuwa zimeliwa, na gari lilivuma tangu linavuka daraja la magogo kule chini, mbali sana. Watu wengine walikuwa hawasikii. Mimi nilisikia. Niwe napalilia, niwe kisimani, nilitupa nilichoshika nikakimbilia kabari. Sikuwahi kuchelewa hata siku moja, na baba alilijua hilo na kujisifia kwa abiria wake.

Nikipiga kelele "Baba huyo!" bibi aliingia ndani. Kwetu mtu na mama mkwe wake walikuwa hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ilikuwa heshima hiyo, si ugomvi. Neno lilipita kwa mtu wa kati, na mtu wa kati nilikuwa mimi. "Mwambie mkwe wangu ugali uko tayari." "Mwambie mama nashukuru." Nami nasimama mlangoni nayarudia yote, wakati wote wawili wamesikiana vizuri sana!

Kila alipoondoka nilimwomba anichukue. Jibu lake halikubadilika: "Siwezi kumpakia mwanangu kwenye gari lisilosimama. Likipata breki za kuaminika, mama, nitakuja tukakae wote Tunduma, usome shule." Basi kanisani wenzangu waliomba nguo za Krismasi. Mimi niliomba breki. Usicheke. Niliomba kwa sauti, na mwalimu wa Jumapili akaniuliza kama nina akili timamu.

Na zikapatikana. Siku moja baba alikuja amepakia vyuma tupu: breki za mafuta, zimetolewa kwenye mzoga wa gari la jeshi, na beringi mbili mpya ndani ya karatasi iliyoloa mafuta. Jirani yetu alikuwa keya, askari wa Mwingereza aliyerudi kutoka vita vya Bama kule Asia, na huko jeshini ndiko alikojifunza ufundi wa magari. Sisi tulimwita Fundi tu. Walilisukuma gari uani kwake, hatua chache kutoka kwetu, wakalipandisha juu ya magogo, na kwa siku nne nilikuwa na baba kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku nne! Sijapata siku nyingine kama hizo.

Fundi alilala chini ya gari, miguu tu nje, akisema, "Mtaka cha uvunguni sharti ainame." Wakazing'oa fito zote. Wakavuta ekseli, wakaikata beringi ya zamani kwa patasi, na Fundi akanimiminia gololi zake kiganjani, nikazitia mfukoni ziwe zangu. Zilikuwa na vidonda vidonda. "Hizi ndizo zinazokuimbia," akaniambia. Beringi mpya ilikataa kuingia mpaka ipashwe moto ndani ya mafuta, ipanuke. Baba akanituma sufuria. Nikachukua nzuri ya bibi, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Bibi alipochungulia akaona chuma kinachemka kwenye sufuria yake, loo! Alisahau heshima ya mkwe, akapiga kelele akiwa nyuma ya mlango: "Leo mnakula chuma? Haya, pikeni na tairi basi!" Baba alicheka akajifuta machozi. Sufuria ile haikufaa tena kupikia chakula; maharage yalitoka na ladha ya gari.

Siku ya nne ilikuwa ya kutoa upepo kwenye mirija ya breki, na hapo nikawa mtu mkubwa. Fundi chini gurudumuni, baba anaongeza mafuta, mimi nimesimama kwa miguu yote miwili juu ya pedali nimeshikilia usukani. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Mwanzoni pedali ilizama tu kama unakanyaga tope. Polepole ikawa inanisukuma, ikagoma kabisa kushuka. Fundi akatoka chini akasema, "Sasa hili litasimama hata juu ya yai."

Baba akalipandisha mpaka juu, akateremka. Nilikuwa tayari na kabari yangu. "Usitupe!" akaniambia. Gari likaja kimya kabisa, likasimama lenyewe mbele yangu. Watu wakashangilia. Mimi nilifurahi, lakini kuna kitu kiliniuma pia, kwa sababu mikono yangu ilibaki imeshika kabari na hakuna aliyeihitaji. Baba akaniinua. "Jumamosi ya wiki ijayo, mama. Funga mzigo."

Jioni bibi alikuwa anageuza maharage. Akaniuliza, "Kwa hiyo sasa linasimama?" Nikamwambia linasimama. "Na ile kelele yake?" Nikamwambia haipo tena. Akanipakulia mengi kuliko siku zote.

Alhamisi ya wiki ile, siku mbili kabla ya safari, bibi aliniamsha mapema, akanifungia viazi, akanituma bondeni kuwinga ndege kwenye ulezi. Nikakaa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, siku nzima, natupa mawe, naimba, nahesabu vidole mpaka Jumamosi. Kutoka pale siku zote nilikuwa nasikia mvumo wa gari tangu darajani. Siku ile sikusikia kitu.

Jumamosi nilikaa na kifurushi changu kando ya barabara. Jumamosi iliyofuata vilevile. Ya tatu bibi akaniambia baba amevuka mpaka, amekwenda ng'ambo kwenye migodi ya shaba, ndivyo wanaume walivyo. Nililia mpaka nikachoka kulia. Halafu nikamchukia. Nilimchukia baba yangu miaka mingi, na mara moja alipotuma kitambaa cha gauni kupitia kwa msafiri, bila neno lolote, nilikifanya cha kusafishia taa. Alifia hukohuko. Hata kaburi lake silijui.

Bibi alinieleza ukweli alipokuwa kitandani, mgonjwa wa kutoinuka, mimi nikiwa nimeshaolewa na watoto wawili. Alisema bila kunitazama. Baba alikuwa ametuma habari kwamba amepata kazi ng'ambo, wenzake hawamngoji, atanipitia Alhamisi badala ya Jumamosi. Akaja. Kwa kuwa mimi sikuwepo, mtu wa kati akawa Fundi. Bibi akamwambia nyuma ya mlango: "Mwambie mkwe wangu, mtoto amekataa kwenda." Fundi akaipeleka kama alivyopewa, masikini, hakujua; baadaye bibi alimsihi asinitajie kabisa habari hiyo, eti nitalia. Baba akasimama pale barabarani akasema, "Kama amekataa, aje aniambie mwenyewe." Akangoja. Kisha bibi akamsikia anamwambia Fundi kwa sauti ya chini: "Huyu huwa ananisikia tangu darajani. Angekuwa anataka, angekuwa ameshafika na kabari yake." Akapanda gari, akaondoka.

Jamani! Gari lilikuwa halivumi! Beringi kaziweka mwenyewe, kwa mikono yake, akasahau. Na mimi huku dunguni nimetega masikio nasubiri sauti ambayo gololi zake zilikuwa mfukoni mwangu.

Bibi aliniambia, "Mama yako nilimzika. Na wewe ungeondoka, ningebaki namwita nani?" Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nikamnywesha mpaka ukaisha. Sikumsamehe siku ile. Nilimsamehe baadaye, kidogo kidogo, na hata sasa si siku zote.

Leo daraja la magogo halipo, kuna la zege. Uani kwa Fundi pamelimwa mahindi. Ulezi wenyewe siku hizi wanalima wachache, dungu watoto hawalijui. Kabari iko; inazuia mlango wangu usipigwe na upepo. Watoto wangu wako Tunduma, Mbeya, wengine ng'ambo, na nyumba hii ni ileile ya bibi, jioni nasikia kijiko changu kikigusa sufuria. Sasa namwelewa yule mwanamke kuliko ninavyopenda kumwelewa.

Mjukuu wangu alinirudisha jioni ileile, beringi mpya, gari kimya kabisa. Akanishusha mpaka mlangoni, akajisifu, "Umesikia, bibi? Hata ukiwa macho hutajua kama nimefika."

Nikamshika mkono kabla hajapanda. "Ukija, piga honi. Anza pale darajani."

"Bibi, watu watasema nina wazimu."

"Waache waseme, baba. Wewe piga tu, mpaka unione nimetoka."